Siku Kumi na Mbili za Mzee Mita

Msoma mita mstaafu wa idara ya maji, aliyejulikana mtaani kwa jina la Mzee Mita, alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Dakika hizo ishirini hazikukisiwa. Mdogo wake, aliyekuwa amemshika mkono, alitazama saa ya ukutani. Mke wa huyo mdogo, aliyekuwa akimpepea, alitazama saa ya mkononi ya marehemu mwenyewe, ambayo ilitangulia kwa dakika nne kama mwenyewe alivyopenda iwe. Akaziondoa hizo nne, na hesabu zao zikakutana. Mke wa marehemu hakuwepo chumbani. Alikuwa uani, anaanika shuka ambalo mumewe hangelitumia tena.

Tunaanza na saa hiyo kwa sababu kila baya lililofuata lilitokana na watu watatu kukubaliana kwamba haikuwahi kupita.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na watu wote walimwita Fundi. Alikuwa ameishi na mume wake miaka thelathini na minne, ndoa iliyofungwa mbele ya wazazi na mashahidi, wengi wao sasa wako chini ya udongo. Mwenyezi Mungu hakuwajalia mtoto. Serikalini ndoa hiyo haikujulikana, kwa kuwa enzi zao hakuna aliyeona haja ya kumwarifu karani kwamba amempenda mtu. Ndipo ikaja sheria ya mafao ya warithi. Ilisema kwamba mjane wa mstaafu atalipwa sehemu ya pensheni ya mumewe hadi mwisho wa uhai wake, ila tu ikiwa ndoa iliandikishwa miaka mitatu kamili kabla ya kifo. Wenye watoto wadogo walisamehewa sharti hilo. Wasio nao hawakusamehewa. Kifungu hicho kiliwekwa ili kuwazuia wanaokimbilia kuolewa na wazee walio kitandani, na kwa hao kilikuwa na haki. Lakini wavu wa dagaa hauulizi samaki umri wake.

Wawili hao walikwenda kuandikishwa wakiwa na mvi, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa tatu. Karani aliwauliza kama kuna mtu anayepinga ndoa hii. "Mimi ninapinga," Mzee Mita alisema, "lakini nimechelewa miaka thelathini na mmoja." Wakacheka mpaka karani akawanyamazisha.

Mwaka wa tatu baada ya hapo kifua chake kikaharibika. Kila asubuhi alitazama kalenda na kusema, "Nitafika." Hakuwa akizungumzia safari. Fundi alijua, naye alijifanya hajui, kwa sababu kumjibu kungekuwa kukubali kwamba mume wake anahesabu siku za kufa kama mtu anayehesabu hatua za kufikia mlango. Walimpeleka kwa mdogo wake shambani apate hewa safi. Hakufika. Zilibaki siku kumi na moja miaka mitatu itimie.

"Shemeji," mdogo mtu alimwambia Fundi jioni ile, sauti yake imeshuka kama ya mwizi, "hapa hakuna aliyejua ila sisi. Mwenyekiti wa kijiji ananiamini, barua ya mazishi nitaiandika mimi, yeye atagonga muhuri. Tuseme tarehe ishirini na tisa. Siku kumi na mbili tu. Nani ataumia?"

"Na yeye?" Fundi aliuliza, akitazama mwili.

"Yeye ndiye aliyezitaka siku hizo, shemeji. Tunamkopesha tu."

Fundi alikuwa na macho mawili yaliyoanza kufunikwa na ukungu. Kutia uzi kwenye sindano kulikuwa kunamchukua muda ambao zamani ungetosha kushona mkono mzima wa shati. Chumba na sebule walivyovipanga mjini vililipiwa kwa pensheni, si kwa cherehani. Akaitikia kwa kichwa. Wakamzika mume wake Jumatano asubuhi, watu sita na mbwa mmoja, bila tangazo, na Alhamisi akapanda gari kurudi mjini akiwa na maagizo: asilie mbele za watu, avae nguo za kawaida, na yeyote atakayeuliza aambiwe mzee anaumwa na amelala ndani.

Wa kwanza kuuliza alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyeitwa Mama Redio kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo. Alimkuta Fundi mlangoni, ufunguo mkononi, bado hajaufungua.

"Fundi! Mmerudi? Mbona uko peke yako, mzee umemtupa wapi?"

"Amelala ndani," Fundi alisema. "Safari imemchosha."

Na ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliokuwa umefungwa kwa siku tisa, mtu akakohoa.

"Pole yake," Mama Redio alisema, akiendelea zake. "Hicho kifua hakijapona. Mpe maji ya vuguvugu."

Fundi alisimama pale mlangoni mpaka mkono ulioshika ufunguo ukafa ganzi. Alipoingia hakukuta mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama alivyokitandika yeye. Kilichokuwepo ni harufu. Haikuwa ya mgonjwa wala ya maiti, bali ya karatasi zilizolowa mvua zikakaukia kabatini bila kufunguliwa, harufu ambayo alikumbuka kuinusa mahali na hakukumbuka ni wapi.

Ijumaa kikohozi kilikuja alasiri, mara tatu. Jumamosi kilikuja kikifuatana na mlio wa kiti. Fundi aliketi kwenye cherehani sebuleni akiwa amelipa kisogo pazia la chumbani, akazungusha gurudumu bila kitambaa chini ya sindano, ili pawe na kelele nyingine yoyote. Alijiambia ni masikio ya mfiwa. Mfiwa husikia mengi, nani hajui hilo? Na tuseme ukweli wote: katikati ya hofu ile palikuwa na kitu kidogo kilichofurahi. Alikipiga teke, kikarudi.

Jumanne, tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, Afisa Uhakiki alibisha hodi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi kwenye bawaba moja. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kila mwaka kwamba wastaafu wanaolipwa bado wanapumua.

"Mama, mzee hakuja dirishani kwetu ofisini mwezi huu, na orodha inafungwa. Wagonjwa tunawafuata nyumbani siku hizi. Nikimwona kwa macho, akaniwekea dole gumba, nimeondoka. Ni dakika mbili."

Fundi alikuwa ameliandaa jibu lake tangu shambani: mzee amekwenda kliniki. Alifungua kinywa. Lakini kabla neno halijatoka, kiti kilisogezwa chumbani, na sauti ya mume wake, ile ile, yenye mkwaruzo wa kifua mwishoni mwake, ikasema, "Karibu, bwana. Niulize."

Afisa alitabasamu, akalisogelea pazia, akauliza kwa desturi ya kazi yake jina kamili. Na ile sauti ikataja majina matatu kwa mpangilio wa jalada, la ukoo likitangulia, jinsi ambavyo hakuna binadamu anayejitaja. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, ikataja. Akauliza namba ya ajira, ikazitaja tarakimu zote tisa bila kuvuta pumzi, na hapo ndipo damu ya Fundi iliposimama, kwa kuwa mume wake katika miaka yote ya utumishi hakuwahi kuikumbuka namba ile, kila mara alitoa kitambulisho mfukoni na kuisoma huku akiwa amekisogeza mbali na macho. Kisha mkono ukajitokeza kando ya pazia, mkono wa kulia, kucha safi, ukangoja hewani bila kutetemeka kama mikono ya wazee inavyotetemeka, afisa akaushika, akalipaka dole gumba wino, akaligandamiza kwenye fomu, akasema, "Mzee una baridi, jifunike," naye akaondoka akiwa ametosheka, maana alama ilifanana na ya zamani kila mstari.

Mlango ulipofungwa, Fundi alilivuta pazia.

Alikuwa ameketi kitini. Uso ulikuwa wa mume wake, lakini wa miaka kumi na miwili iliyopita. Alivaa koti jeusi lenye kola pana, na Fundi alilitambua koti hilo: lilikuwa la mpiga picha, ambaye aliwaazima wateja wake wote ili wapendeze katika picha za vitambulisho. Mzee Mita alilivaa kwa dakika tatu tu maishani mwake, na siku ile alilalamika linanuka jasho la mtaa mzima. Chini ya kifua, mahali picha ya namna ile hukatwa, macho ya Fundi hayakupata cha kushika. Palikuwa na weusi, kama maji kisimani.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Kiumbe kile kikamtajia majina matatu, la ukoo likitangulia.

Kisha kikainuka kutembea, na kikaegemea upande wa kushoto, kikiburuta mguu. Fundi akakaa chini sakafuni. Goti bovu la mume wake lilikuwa la kulia. Daktari mmoja aliyekuwa na haraka ndiye aliyeandika kushoto katika barua ya kustaafu kwa maradhi, na barua ikakubaliwa, na hakuna aliyeweza kuirekebisha tena. "Liache," Mzee Mita alikuwa akisema kila walipokumbuka. "Goti la serikali ni la kushoto. Langu ni la kulia. Kila mtu augue lake."

Sasa goti la serikali lilikuwa linatembea chumbani kwake. Akakumbuka pia harufu ile aliinusa wapi: kwenye ghala la majalada, siku walipokwenda kutafuta cheti.

Tarehe ishirini na nane, Jumamosi, alasiri, kiumbe hicho kilisogea mpaka nyuma ya bega lake alipokuwa ameketi, baridi yake ikamfikia shingoni, kikasema polepole:

"Nimefika."

Fundi aliziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona. Si kwa woga peke yake.

Mpango ulikuwa kwamba Jumapili, tarehe ishirini na tisa, angepiga yowe, majirani wangekusanyika, habari ingetangazwa kwamba mzee amerudishwa shambani jana na amefia huko. Aliamka amejiandaa. Lakini saa moja asubuhi Mama Redio alikuwa tayari ameshatangaza habari nyingine.

"Fundi, Mungu mkubwa! Mzee kaketi dirishani, kanipungia mkono! Tena kavaa koti! Anakwenda wapi, bwana harusi?"

Utamlilia vipi mume ambaye mtaa mzima umemwona anapunga mkono? Yowe likarudi tumboni. Wiki iliyofuata shemeji alileta cheti cha kifo, wakapeleka maombi ofisini, maombi yakapokelewa na kupewa namba. Na jioni Fundi alirudi nyumbani kwa mume aliyekufa kwa mujibu wa cheti, aliyezikwa kwa mujibu wa ardhi, na ambaye alikuwa ameketi kitini.

Hakikumdhuru. Hilo lieleweke. Hakikuvunja chombo, hakikumkaba usingizini. Kiliketi, kilikohoa, kiliburuta mguu. Aliweka chai mbele yake nayo ikapoa papo hapo bila kupungua. Alipozungumza nacho kilijibu yaliyomo jaladani na hakikuwa na zaidi: kituo cha kwanza cha kazi, karipio moja la kuchelewa, likizo ya siku kumi na nne. Alipokiuliza, "Unakumbuka siku mvua ilipotukuta darajani?" kilimgeuzia uso wa picha na kungoja swali linalofuata.

Madhara yalikuwa mahali pengine, na yalipita kimya. Wiki ya tatu Fundi alitaka kukumbuka uso wa mume wake alivyokuwa mwaka wa mwisho, mashavu yalivyoingia, akakuta uso wa picha umekaa mbele yake. Wiki ya tano kicheko kilipotea. Alijua kwamba mume wake alicheka kwa namna fulani, ila namna yenyewe haikuja. Na asubuhi moja, akikunja shuka, alijikuta hakumbuki mume wake alikuwa akimwitaje walipokuwa wawili tu. Palikuwa na jina. Aliliitikia miaka thelathini na minne. Alilitafuta kutwa nzima kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, akipapasa, na usiku ulipoingia aliacha kupapasa.

Mwezi wa sita aliitwa ofisini kwa hatua za awali, na katika benchi la kungojea aliketi karibu na ajuza mmoja mwembamba, aliyeitwa Bibi Makaa, mganga wa kufukuza majini tangu ujana wake. Bibi Makaa alimnusa kabla ya kumsalimia.

"Mwanangu, mbona unanuka ghala?"

Fundi akasogea. "Ni nguo tu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Si nguo." Ajuza alishusha sauti. "Mimi nimekuja kuwathibitishia hawa kwamba sijafa. Mwaka jana waliniandika marehemu, nikafukuza jini miezi mitatu nikiwa maiti, na wateja walipungua. Kwa hiyo haya mambo ya karatasi nayajua. Nani yuko kwako?"

Fundi hakuwa amemwambia mtu. Akamweleza yote, kinywa chake kikiwa karibu na sikio la ajuza.

"Hujarogwa," Bibi Makaa alinong'ona. "Umeita. Jini haliingii nyumba isiyo na nafasi. Ninyi mlisema kuna mtu anaishi siku kumi na mbili, mkatia muhuri, kisha mkaziacha siku hizo wazi kama nyumba isiyo na mpangaji. Limepanga."

"Lakini tarehe ishirini na tisa ilipita, bibi. Cheti kinasema amekufa."

"Nani alikufa tarehe ishirini na tisa? Mumeo alikufa kumi na saba, amezikwa, amekwisha. Huyo aliyeishi zile siku kumi na mbili, ni nani aliyemzika? Yeye hajafa bado. Wala hatakufa. Atakaa, na kwa kuwa hana kumbukumbu zake, atakula za mwenziwe, na ghala lake ni wewe."

"Nifukizie. Nitakulipa."

"Nifukize nini? Moshi haufuti muhuri. Kalitoe palepale ulipoliingizia. Sema siku yake na saa yake, kwa aliyeandika, kwa sauti yako." Ajuza akamtazama, na jicho lake lililokuwa kali likalegea. "Najua utakachokosa, mwanangu. Mimi sisemi ni rahisi. Nasema ni huko."

Akaitwa dirishani, akainuka, akapiga kelele, "Nipo hai! Andika!" na watu wakacheka.

Fundi hakusema siku ile. Wala wiki iliyofuata. Alikuwa akijipimia: upande huu chumba, dawa ya macho, uzee wenye paa juu yake, upande ule mtu aliyekwisha kufa, ambaye hahitaji kitu. Hata mtoto angejua pazito ni wapi. Lakini kila asubuhi alipoamka kulikuwa na kipande kingine kimepotea. Akatambua kwamba akikaa hivi mwaka mmoja atakuwa mjane anayelipwa pensheni ya mtu asiyemjua.

Siku ya kusaini ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa ya mwezi wa saba. Afisa Uhakiki ndiye aliyemkaribisha ofisini, akalifungua jalada.

"Hongera, mama. Yaani, pole. Nilimwona mzee siku tano kabla, nikajisemea huyu atafika mbali. Saini hapa, na hapa."

Kiti cha pili kilikuwa kitupu Fundi alipoketi. Sasa hakikuwa kitupu. Harufu ilijaa chumba, na afisa akaenda kufungua dirisha bila kujua kwa nini. Fundi aliishika kalamu, akaiweka chini.

"Mume wangu alikufa tarehe kumi na saba," alisema. "Jumanne. Saa tisa na dakika ishirini alasiri."

Afisa alivua miwani yake. Akauchezea ule uzi wa bawaba.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "ukisema hivyo, siku zinapungua. Kifungu kinakutupa nje, na mimi sina uwezo wowote juu yake. Mimi sijasikia. Mimi natoka kunywa chai. Nikirudi, utaniambia tena ulichotaka kuniambia, na huenda nilikosea kusikia." Akatoka, akaufunga mlango taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Wakabaki wawili.

Fundi hakugeuka. Aliiona kola pana kwa pembe ya jicho, na weusi ulioanzia chini ya kifua, nao ulikuwa umepanda sasa, umefika kwenye kifungo cha juu, umefika shingoni, kana kwamba mtu anazamishwa taratibu akiwa ameketi. Na sauti ilipokuja haikutoka kinywani mwa picha bali ilitoka pande zote za chumba, kwenye makabati, kwenye mafaili yaliyofungwa kwa kamba, kwenye kila jina lililowahi kuandikwa na kusahauliwa humo, na bado ilikuwa sauti ya mume wake, yenye mkwaruzo mwishoni, ikinong'ona kama alivyokuwa akinong'ona asimwamshe.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," alisema Fundi.

"Basi saini. Turudi nyumbani."

"Wewe si yeye."

"Yeye amekwenda," ilisema sauti, na haikuwa na hasira. "Mimi nipo."

Ni jambo la kutisha kuliko yote yaliyosemwa katika mkasa huu, kwa kuwa lilikuwa kweli. Fundi alilia bila sauti, machozi yakidondokea fomu. Aliitazama kalamu. Aliunyoosha mkono kuielekea, hatutaficha hilo. Kisha akaurudisha mapajani, akaushika kwa mkono wa pili, na alikuwa bado ameushika hivyo afisa aliporudi.

"Haya, mama. Tuanze upya. Mzee alifariki lini?"

"Jumanne, tarehe kumi na saba, mwezi wa tatu. Saa tisa na dakika ishirini. Nilikuwa naanika shuka lake. Sikumwona."

Kalamu ya afisa iliandika. Kulikuwa na kukohoa, mara moja, kama mtu anayetaka kusema jambo na kuahirisha. Kisha hewa ya dirishani ikaingia, safi, yenye vumbi la barabara, na kiti cha pili kilikuwa kiti tu.

Afisa aligeuza kurasa za jalada ili arekebishe fomu ya uhakiki. Akasimama hapo. Mahali pa dole gumba palikuwa peupe, karatasi haikuwa hata na kivuli cha alama. Alilitazama dirisha, akamtazama mjane, kisha akakitazama kiganja chake cha kulia, kile kilichoushika ule mkono, akakipangusa kwenye suruali; akapangusa tena.

"Mama," akanong'ona, "basi yule niliyemshika alikuwa nani?"



Mengi yamesemwa tangu siku hiyo, na mengine yamesemwa na watu wazima. Inasemwa kwamba Bibi Makaa alilifukuza jini hilo kwa kondoo na moshi. Hakufanya hivyo, siku hiyo alikuwa nyumbani kwake, anaumwa jino. Inasemwa Fundi alifungwa. Hakufungwa: maombi yalikataliwa, chumba kikarudi kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na sasa anaishi shambani kwa shemeji yake, ambaye hamtazami usoni anapompa chakula. Inasemwa kwamba jini lilipoondoka kila kilichopotea kilimrudia. Uso ulirudi. Kicheko kilirudi nusu. Lile jina alilokuwa akiitwa na mume wake halikurudi, na hakuna mwingine aliyelijua.

Inasemwa, na hili hasa ndilo linalohitaji kusahihishwa, kwamba siku aliyonyimwa pensheni alilia kwa ajili ya pensheni. Mama Redio ndiye aliyelieneza, na Mama Redio alijua vizuri zaidi, maana yeye ndiye aliyekuja mbio. Yowe lilianza saa kumi na robo jioni, Alhamisi ile ile. Alimkuta Fundi amekaa kizingitini, kichwa wazi, miguu imenyooka barabarani.

"Fundi, kuna nini? Nani kafariki?"

Naye, siku mia moja na kumi na nne baada ya kifo, akapata mtu wa kumjibu:

"Mume wangu."